Mbegu zinapotelea wapi kwenye gradienti?

SWALI: Habari ya kazi, daktari. Ninafanya kazi ya maabara kwenye kliniki moja hapa Mbarara. Tunasafisha mbegu za kiume kwa ajili ya kupandikiza kwenye mji wa mimba. Wiki iliyopita sampuli ilikuwa na mbegu milioni 40 kwa mililita, nusu zikitembea. Nilipitisha mililita 1 kwenye gradienti, yaani matabaka mawili ya kimiminika kizito, asilimia 80 chini na 40 juu, nikazungusha kwenye mashine kwa 1,000 dakika 20. Sikuona mashapo yoyote ya mbegu kwenye kitako cha mrija, na mwishoni nilipata mbegu milioni 1 tu zinazotembea. Niache gradienti nitumie njia ya kuogelea juu, ile ambayo mbegu nzima hupanda zenyewe kwenye kimiminika kilicho juu ya manii?

JIBU: Usiiache bado, dada. Uliingiza mbegu milioni 20 zinazotembea, na gradienti iliyoenda sawa hurudisha zaidi ya moja ya tano, yaani milioni 4 na kuendelea. Kuogelea juu kwa kawaida hurudisha chini ya hapo, kwa hiyo ungezidi kupungukiwa.

Shaka yangu iko kwenye hiyo 1,000. Bila shaka ni mizunguko kwa dakika, na gradienti haijali mizunguko, inajali nguvu ya g, yaani nguvu inayosukuma mbegu chini. Chukua rula, pima kutoka katikati ya rota, ile sehemu inayobeba mirija na kuzunguka, hadi kitako cha mrija ukiwa umelala kama unavyolala mashine ikizunguka. Zidisha 0.00001118 kwa sentimita hizo, kisha kwa mizunguko mara mizunguko. Ukipata sentimita 12, ile 1,000 yako ni g 134 tu, wakati unahitaji 300 hadi 400 kwa dakika 15 hadi 30. Kwa rota hiyo, g 300 ni kama mizunguko 1,500. Usije ukapandisha hadi 2,500 kwa hasira: hapo unapita g 800, na mbegu zilizokufa pamoja na uchafu vinashindiliwa chini pamoja na nzima.

Kuna njia ya kuhakikisha. Safari ijayo usimwage cha juu. Kati ya tabaka la 40 na la 80 utaona pete nyeupe-nyeupe. Vuta tone lake uliweke chini ya hadubini. Zikiwa ni mbegu nzima zinazokimbia, nguvu haikutosha. Zikiwa maiti na seli nyeupe za damu, gradienti imefanya kazi yake, na tatizo litafute kwingine.

Kwingine huko mara nyingi ni kwenye kupanga matabaka. Weka mililita 1 ya asilimia 80 chini, kisha 1 ya asilimia 40 juu yake, ukiiteremsha taratibu kwenye ukuta wa mrija mpaka uone mstari mkali. Myeyusho uliotoka friji usiutumie ukiwa baridi. Manii isizidi mililita 1 kwa mrija. Ikiwa mume ameleta 3, tumia mirija zaidi. Isubiri iyeyuke, dakika 30 na isizidi 60, na ikibaki ya kuvutika kama ute wa bamia, ichanganye na midia, kile kimiminika cha kuoshea na kutunzia mbegu, kiasi sawa kwanza. Rota iwe ile ya mirija inayoning'inia, na breki uizime.

Ukimaliza, vuta matabaka kutoka juu, badilisha pipeti, kisha chukua mashapo uyatie kwenye mrija mpya. Pipeti ileile ikishuka tena inarudisha uchafu wote uliokwisha kuuondoa. Osha kwa mililita 5 za midia, g 200, dakika 4 hadi 10, mara mbili, halafu acha ujazo wa mwisho uwe mililita 0.5.

Angalia na midia yenyewe. Yenye HEPES, kemikali inayoshikilia pH, hufungwa kifuniko na kukaa hewani. Ya baikaboneti inataka inkubeta ya kaboni dayoksaidi na kifuniko kilicholegezwa, na kwa kuwa Mbarara iko juu ya mita 1,400, asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi inayoonyeshwa kwenye kioo cha inkubeta inaweza isitoshe. Pima pH, iwe 7.2 hadi 7.4.

Kuogelea juu kuweke kwa sampuli nzuri: midia mililita 1.2 juu ya mililita 1 ya manii, mrija uinamishwe nyuzi 45, saa moja kwenye joto la nyuzi 37, kisha uvute mililita 1 ya juu. Manii ghafi usiyazungushe moja kwa moja. Seli nyeupe na mbegu zilizokufa zikibanwa pamoja na nzima humwaga oksijeni kali inayoharibu DNA. Na mume akiwa na VVU, gradienti peke yake haitoshi: huifuata kuogelea juu, kisha sehemu ya mbegu hizo hupimwa virusi kabla ya kutumika.

Ukishapata namba yako ya mizunguko, iandike kwenye plasta uibandike kwenye kifuniko cha mashine, pamoja na ile sentimita uliyopima. Siku fundi atakapobadilisha rota, plasta hiyo ing'oe.