Lochi wangu ana tumbo la kijani: ni minyoo au mayai?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga samaki sita aina ya lochi kuli, wale wembamba kama nyoka wenye pete za kahawia na njano, kwenye tangi la lita 80. Mmoja amenenepa tumbo, na nikimmulika kwa tochi usiku naona kitu cha kijani ndani. Dukani wamesema ni minyoo, wakanipa dawa yenye shaba. Nimtibu? Na kama ni mayai, nifanyeje nipate vifaranga? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hiyo dawa usiitie. Lochi ana magamba madogo mno, karibu hana kabisa, na kipimo cha shaba anachovumilia samaki mwingine kinaweza kumuua yeye. Isitoshe, kama anakula vizuri na mgongo haujakonda, huyo ni jike na hayo ni mayai. Mayai ya kuli ni ya kijani hasa. Kupitia ngozi yake nyembamba utadhani choroko zilizopondwa zikafungwa kwenye mfuko wa nailoni. (Jina, kwa kuwa mko bandarini, halihusiani na makuli. Limetokana na Heinrich Kuhl, Mjerumani aliyechunguza viumbe na kufia Java mwaka 1821.)

Sasa, jike anaweza kubeba mayai miezi na asitage. Kwao Malesia, Sumatra na Borneo hukaa kwenye vijito vya msituni, maji laini yenye asidi na rangi ya chai, chini majani makavu yamerundikana. Mvua ndiyo huwaamsha. Na hapo wewe una bahati, maana majani ya mkungu ambayo wafugaji wa Ulaya huyanunua kwa pakiti, Tanga mnayafagia uani. Okota yaliyokauka na kuanguka yenyewe, mbali na barabara na dawa za wadudu, yaoshe, tia matatu au manne. Maji yakiwa kama chai ya rangi hafifu, yametosha.

Masika ikianza, kinga maji ya mvua kwenye ndoo za plastiki, lakini yale ya mwanzo yanayosafisha bati yaache yaende. Kila wiki badilisha robo ya maji ya tangi, ya mvua yakiwa baridi kidogo kuliko yaliyomo. Usijaze ya mvua matupu: hayana madini ya kushikilia pH (kipimo cha asidi ya maji), na siku moja itaporomoka. Kama unatumia maji ya kisima, yapime kwanza. Ya pwani mara nyingi yana chumvi.

Kuli hutaga juu, si mchangani. Usiku hupanda karibu na uso wa maji, wakajizungusha kwenye mizizi ya mimea inayoelea, mayai yakanata humo. Kisha wanayala! Vifaranga wangu wa kwanza sikuwazalisha mimi: niliwakuta chini ya sahani ya chujio la chini ya changarawe nilipoing'oa kuiosha, mahali ambapo wakubwa hawafiki. Kwa hiyo weka mimea yenye mizizi mirefu, uikague kila asubuhi. Ukiona chembe za kijani, hamishia mmea mzima kwenye chombo chenye maji yaleyale na chujio la sifongo. Fanya haraka, kwani kwa nyuzi 26 huanguliwa kwa takriban siku moja. Majani ya mkungu yanayooza yatawapa vijidudu vya kuanzia, kisha wape artemia (vijikamba vidogo sana) waliototolewa karibuni.

Ila kwanza hakikisha una dume. Mapezi yake ya kifuani ni makubwa kuliko ya jike, na mwiba wa mbele wa kila pezi hilo ni mnene. Usiwavue kwa wavu, maana wana kijimwiba chini ya jicho kinachonasa kwenye nyuzi. Mteke mmojammoja kwa kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, umtazame humohumo. Ukikuta wote sita ni majike, ongeza wengine wanne kabla ya Machi.