Bendi za Malindi zingalipo, ila hazikai barabara ya hoteli

Ndugu yetu wa Nakuru ameuliza swali humu jukwaani ambalo limenigusa. Amekuja Malindi na mkewe, wakakaa hoteli ya ufuoni, na kila usiku wakamkuta mtu mmoja na kinanda chake, midundo yote imeshapangwa ndani ya mashine. Sasa anataka kujua kama bendi za Pwani zimekwisha au ni yeye asiyejua pa kwenda, na taarabu ameitaja kwa jina. Anasema watarudi Disemba. Waliomjibu kabla yangu wamemwambia apande matatu aende Mombasa. Mimi napinga. Nimezaliwa hapa, na muziki wa bendi naufuata tangu nilipokuwa kijana wa kubeba nyaya za spika ili niingie bure. Bendi zipo. Ila zimehamia kwa wenye shughuli zao, na huko hakuna kibao cha kukuelekeza.

Kwanza tuseme kwa nini hotelini huzikuti. Bendi kamili ni watu sita, saba: ngoma, besi, gitaa mbili, kinanda, saksafoni, mwimbaji. Wote wanataka malipo, chakula, na gari la kuwarudisha nyumbani usiku. Mwaka 2014 serikali za ng'ambo zilipowaonya raia wao wasije Pwani, vyumba vya Malindi vilikauka, hoteli zikafunga au zikapunguza watu, na wanamuziki hawakusazwa. Wakaja wakainuka kidogo, ikaingia kafyu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021. Mtu ambaye riziki yake iko usiku alinyimwa usiku kwa mwaka na nusu. Mpiga besi mmoja ninayemjua vizuri aliuza gitaa akanunua pikipiki, na mpaka leo anabeba abiria. Wageni waliporudi, hoteli nyingi zilimrudisha mtu mmoja badala ya saba.

Kwa hivyo yule bwana wa kinanda usimdharau. Wengi wao ni wapigaji wa haki waliotoka kwenye bendi kubwa, na pale hotelini wanapiga wanachoombwa, ukiwemo ule wimbo wa kukaribisha wageni ambao bendi ya Them Mushrooms iliurekodi mwaka 1982 na ambao mtalii hawezi kuondoka bila kuusikia. Mfuate akipumzika, mpe mkono, muulize: "Kaka, Jumapili mnapiga wapi?" Utaona uso wake unavyobadilika.

Mara nyingi atakutajia mahali panapopigwa bango.

Bango ni muziki wetu wa Pwani ya Kenya. Aliyeupa sura ni Mzee Joseph Ngala wa Freretown, Mombasa, mpiga saksafoni, na kutoka kwake umeenea mpaka huku kwetu, kwenye harusi za Wamijikenda, matanga, na Jumapili za mapumziko. Ndani yake mna midundo ya ngoma za Kimijikenda, mna jazi ya wazee, na mwendo wake hauna haraka. Mwimbaji anatoa ubeti, kwa Kiswahili au Kigiriama, kisha saksafoni inaudaka na kuusema tena kwa njia yake. Ukiusikia kwenye simu utasema nyimbo zote zafanana. Nenda ukausikie ukiwa umesimama hatua chache kutoka kwa mpiga ngoma, ndipo utajua kwamba kinachokushika ni lile gitaa la ridhimu lisilobadilika kwa dakika nyingi, huku mambo mengine yote yakizunguka juu yake.

Pa kwenda ni nyuma ya mji, njia ya Ganda au kuelekea Gede, kwenye viwanja vya mchanga chini ya minazi. Kiingilio nilicholipa mara ya mwisho kilikuwa shilingi mia mbili, na pengine hapana kiingilio, unanunua soda tu au pombe ya mnazi inayoletwa kwenye mboko, chombo chake cha kunywea, na mrija wake. Inaanza alasiri, saa kumi hivi, jua likipungua. Sauti haitakuwa safi. Spika moja hukoroma, maiki hupiga mluzi, na fundi mitambo hukimbia huku na huku akishika waya huu akiachia ule. Usiondoke kwa ajili hiyo. Subiri nusu saa, bendi ipate joto, kisha watazame wanaocheza. Utamwona bibi wa wajukuu, leso kiunoni, anakwenda kwa hatua ndogo ndogo mbele ya jukwaa, mabega yametulia, nyonga ndizo zinazohesabu, na kijana wa shule anamwiga nyuma yake hatua kwa hatua. Hilo silioni popote pengine mjini kwetu. Kwenye vilabu vya dijei vijana wako peke yao na wazee wako nyumbani. Kwenye bango wako uwanja mmoja, na kijana anajifunza bila kufundishwa. Nalipenda jambo hili kuliko naweza kueleza.

Sasa taarabu, ambayo ndiyo uliyoitaja kwa jina.

Taarabu ya Malindi huisikii kwa kununua tiketi. Unaisikia kwa sababu kuna mtu anaoza mwanawe. Nitakusimulia usiku mmoja wa harusi mtaa wa Shela, hii Shela yetu ya mji wa kale, si ile ya Lamu. Upande wa bwana harusi walikuwa wamefunga njia kwa hema, majamvi mbele, viti nyuma, birika za kahawa na sinia za halua zikizungushwa. Wageni waliambiwa baada ya Isha, na muziki ukaanza saa nne na ushei, kama kawaida. Kikundi cha hapa hapa: udi, fidla, kodiani, kinanda, tabla, dumbaki, gitaa la besi. Wazee wa mbele walikuwa wameshagawanyika kabla hata ya nyuzi kukazwa. Kuna waliotaka nyimbo za Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, aliyefariki 2016, kwa sababu ya udi na mahadhi yenye harufu ya Uarabuni. Kuna waliotaka za Juma Bhalo, aliyetutoka 2014, mwenye sauti ile ya kupanda na lahani alizozichukua kwenye filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Mwimbaji wa kikundi kidogo ni lazima azijue zote mbili, na azijue kwa moyo, kwa sababu wale wazee wanayajua maneno kumshinda na hawamsamehei akiruka kina.

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Wanakaa nyuma kama watu walio sinemani, wanapiga makofi wimbo ukiisha, wanadhani wamesikiliza. Taarabu yetu haiendi hivyo. Shairi lina mishororo ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kila ubeti una siri yake. Ubeti ukikugusa, unainuka hapo hapo, unakwenda mbele na noti mkononi, unampa mwimbaji au unaitia kwenye sinia. Ndiko kutuza. Ukituza kwenye ubeti wa mtu aliyevumilia masengenyo, umewaambia wote walioko pale kwamba na wewe umevumilia, na mlengwa akiwa yuko anajua. Mwimbaji akiona watu wanne wameinuka kwa mshororo mmoja, ataurudia, na kuurudia, na mpiga fidla ataupamba kila mara kwa pambo jipya. Wimbo wa beti tano unaweza kuchukua dakika ishirini, na urefu huo umetoka kwa waliokaa, si kwa bendi. Ile pesa inagawanywa mwisho wa usiku baina ya wapigaji, na kwa wengi inaupita ujira waliopatana.

Siku hizi utaona nambari ya M-Pesa imebandikwa kwenye spika. Sikatazi, maisha ni magumu. Lakini mtu akituza kwa simu akiwa amekaa kitini hakuna amwonaye, mwimbaji hajui ni ubeti gani umemfika, na ule mshororo haurudiwi. Nakuomba ubadilishe elfu yako dukani mapema, upate noti za hamsini na za mia. Ukiwa nazo mfukoni utasikiliza kwa namna nyingine.

Usiku ule, katikati ya wimbo wa tatu au wa nne, stima ikakatika. Kinanda kikanyamaza, besi ikanyamaza, maiki ikafa. Nilidhani watasimama wangoje jenereta. Mpiga dumbaki hakuacha hata pigo moja. Tabla ikamfuata. Mwenye fidla akainuka kitini, akaja akasimama katikati ya majamvi, akaendelea na kiitikio kana kwamba ndivyo ilivyopangwa, na mwimbaji, mzee wa makamo mwenye kofia ya vito, akavuta pumzi akatoa sauti yake yenyewe isiyo na mtambo. Waliokuwa nyuma wakaacha viti wakasogea. Watu wakawasha tochi za simu. Tulisikia ncha za vidole zikigusa udi, kitu ambacho spika zilikuwa zimetunyima tangu mwanzo. Ule ubeti uliimbwa sijui mara ngapi, na walioinuka kutuza walikuwa wakipishana gizani wakigongana mabega na kuombana radhi. Stima iliporudi baadhi ya wazee walipiga kelele izimwe tena. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kikundi: mwondolee umeme, utamjua aliyejifunza kazi.

Shemeji yetu, mkeo, huenda akapata raha kukushinda wewe. Upande wa wanawake una mambo yake: vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti huku wakiimba, na chakacha, ambayo bendi ya Mombasa Roots iliihamishia kwenye gitaa la umeme miaka ya 1980 lakini mizizi yake ni humo ndani, kwa akina mama. Nayaeleza kwa kuhadithiwa na dada zangu, kwa sababu mwanamume haingii. Usichungulie, usiombe. Na yeye akialikwa, aache simu kwenye mkoba. Wanawake wanavua buibui wakijua wako peke yao, na picha moja ikitoka nje imeharibu nyumba ya watu.

Kuna na ngoma za Kigiriama zenyewe, zisizo na gitaa: kayamba, mabumbumbu, gonda. Kwa hizo ni heri uende Agosti, wakati wa sherehe za kumkumbuka Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewakusanya Wagiriama mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu akiwahamasisha wawakatae Waingereza. Zinastahili uzi wao, siwezi kuzimaliza hapa.

Sasa, utajuaje wapi kuna shughuli? Usiulize mapokezi ya hoteli, watakupeleka kwenye kasino. Waulize wanaokodisha mahema, viti na spika. Hao wanajua kila harusi ya Malindi mpaka Mambrui, usiku gani, na nani anapiga. Madereva wa tuktuk nao wanajua, hasa wale wa Barani na Majengo. Ukishajua, usijitokeze tu: tafuta mtu wa nyumba hiyo, msalimie, jieleze, mwambie unapenda taarabu. Sijaona mgeni mwenye adabu akifukuzwa. Vaa kikoi au suruali ndefu, mkeo avae leso ya heshima, mfike mmekwisha kula ingawa mtalishwa tena. Mwezi wa Ramadhani usisumbuke, hakuna kitu. Shaabani kabla yake na wiki za baada ya Idi ndizo zenye harusi nyingi, pamoja na likizo za shule, Agosti na Disemba. Ukisikia adhana na muziki umekatwa, kaa kimya pale pale, utaendelea.

Usafiri wa kurudi upange mapema. Chukua nambari ya tuktuk aliyekupeleka na mpatane bei kabisa, kwa sababu saa nane usiku Shela unaweza kutembea kwa amani, lakini njia ya Ganda ina giza na pikipiki ni za kubahatisha.

Umeandika kwamba mnakuja tena Disemba. Nitumie tarehe kwenye ujumbe wa faragha. Kuna familia mbili ninazozijua zina harusi mwezi huo, moja imekwisha kukodi kikundi chenye udi. Nitawauliza wenye shughuli kama naweza kuja na watu wawili, na mke wangu atampokea shemeji upande wa kina mama.