Unataka kupanda miti ya matunda nyuma ya nyumba? Soma kabla hujashika jembe

Wakuu, kila masika yakikaribia napigiwa simu na jamaa waliomaliza kujenga, wanauliza wapande nini, na mie kabla ya kujibu nauliza kwanza, maji yako yanatoka wapi? Wengi wanaona kama nakwepa swali.

Nipo Kigamboni, kiwanja ishirini kwa ishirini na tano, nyumba imekula karibu nusu, na mwaka 2016 nilijazia hapo miti 23. Ndiyo, ishirini na tatu, maana kila nikipita kwenye kitalu nilikuwa natoka na mche. Leo imebaki 9. Nikikaa nikayapanga makosa yangu, karibu yote niliyafanya wiki ile ile ya kupanda, mti haujatoa hata jani jipya, iliyofuata ilikuwa miaka ya kulipa deni tu.

Tuanze na maji sasa. Huku ukichimba kisima kifupi tu maji unayapata, shida ni chumvi. Nilipanda miparachichi minne, ikaanza vizuri, kufika kiangazi cha kwanza ncha za majani zikawa kahawia kama zimepitishwa kwenye moto, na kahawia ile inazidi kuingia ndani kila wiki. Nikajua ni njaa, nikaongeza samadi, nikaongeza na maji, kumbe ndo naimalizia. Siku moja bwana shamba mmoja mzee akapita kwangu, hakugusa hata jani, akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akakinga kiganjani akaonja, akatema. "Haya nyie mnakunywa?" Nikamwambia hapana mzee, haya ya kufulia. "Sasa kama wewe huyawezi, mparachichi umekukosea nini?"

Basi ndugu yangu, onja maji yako kabla ya kununua mche. Parachichi na jamii yote ya michungwa haipatani na chumvi. Mnazi hauna neno, mkomamanga unajitahidi, mtende ndo kwake kabisa. Kama moyo wako upo kwenye parachichi, weka mfereji kwenye bati na tenki la kukinga mvua, na uwe na miti miwili tu unayoweza kuinywesha hayo maji mpaka mvua zirudi.

Halafu hii habari ya Hass, ile aina ya parachichi la biashara. Kila mtu anataka Hass kwa sababu ameona wa Njombe na Rungwe wanavyopata hela. Njombe unalala na blanketi mbili, wewe Mbagala unalala feni inazunguka, mnawezaje kupanda mti mmoja? Pwani tafuta parachichi zetu hizi za kienyeji kubwa za ngozi laini, omba kikonyo, yaani kijiti cha tawi, kwenye mti wa jirani unaozaa vizuri ukabebeshewe, maana yake kiunganishwe juu ya mche mwingine. Na anayekuuzia mche wa tufaa Dar, mwambie akaupande Lushoto kwenye baridi yake, tufaa bila baridi linakupa majani ya kufagia tu.

Mche wenyewe sasa. Usikimbilie mrefu kuliko yote. Nilinunua mwembe wa kimo cha kifua changu, nikauonea fahari kweli, ukakaa miaka miwili haupandi haushuki, mpaka upepo ukaulaza. Kuung'oa naona mizizi imejiviringa duara, umbo lile lile la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, unaweza kusema nimeutoa kitaluni jana. Mche ulishakaa sana kwenye kiriba, mizizi ikazoea kuzunguka. Siku hizi nageuza kiriba chini juu kwanza, nikiona mizizi minene imetoboa nauacha hapo. Na kiriba chana kwa wembe utoe chote, nimeshaona watu wanakitoboa matundu eti kitaoza chenyewe, plastiki gani hiyo inaoza.

Shimo mie nachimba sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho, udongo wa juu naweka kushoto, wa chini kulia, wakati wa kufukia ule wa juu ndo unatangulia kurudi ukiwa umechanganywa na debe mbili za samadi iliyooza ikawa haina hata harufu. Ikiwa bado ina moto itaunguza mizizi. Shimo lifukie wiki mbili kabla, lipigwe mvua lishuke lenyewe, la sivyo utapanda leo baada ya mwezi mti umezama na pale ulipobebeshwa pamefunikwa na udongo.

Na hapo pa kubebesha ndo nilipata aibu ya maisha yangu. Michungwa mitatu ya Valencia, nimeibeba mwenyewe kwenye buti la gari kutoka Muheza. Mmoja ulichelewa chelewa, halafu ghafla ukatoa tawi kutoka chini, linakimbia hilo, miezi michache limenipita kimo, majani ya kijani kibichi, miba kama sindano za kushonea magunia. Nikafurahi, nikaongeza samadi, nikapiga na picha nikawatumia ndugu. Kale katawi ka juu kakakauka nikakakata mwenyewe kwa mkono wangu. Mwaka wa tatu likatoa matunda, nikaita watoto tukavuna la kwanza, lina ngozi ya vipele vipele, kulipasua mtoto wa mwisho akalamba akakunja uso wote. Limau! Mchungwa unabebeshwa juu ya shina la limau kali, na tawi lolote likitoka chini ya kiungo ni la limau, linanyonya chakula chote mpaka chungwa lako linakufa. Pita kila baada ya wiki mbili, ukiona chipukizi chini ya kiungo linyofoe kwa kidole lingali laini.

Nafasi sina maneno mengi. Mwembe ukiuachia unataka mita 10 kati ya mti na mti, kiwanja chako hakina hizo. Kwa hiyo ukifika mita moja ukate kichwa utoe matawi, na kila mwaka ukimaliza kuvuna upogolee ubaki kimo ambacho unachuma kwa mkono. Usiupande karibu na shimo la choo wala ukuta wa jirani, mfenesi wangu ulidondosha fenesi kwenye bati la jirani saa nane za usiku, tukaamka mtaa mzima.

Papai ndo la kukupoza moyo wakati unasubiri, ndani ya mwaka unakula. Ukiotesha mbegu weka miche mitatu shimo moja, subiri maua. Dume linaning'iniza maua kwenye vikonyo virefu, jike ua limekaa limegandia shina. Ng'oa ya ziada, ila dume moja liache kama majike hayajapata jirani wa kuyachavushia.

Matandazo, yaani nyasi na majani makavu ya kufunikia udongo, weka mengi, ila yaache mbali na shina kama shubiri moja, ukiyagusisha umewaandalia mchwa futari.

Embe zikianza kukomaa kuna nzi wa matunda, huyu alionekana Afrika Mashariki mwaka 2003 na hajaondoka. Anataga ndani, nje unaona kitobo cha sindano, ukipasua funza wanaruka. Dawa ya kwanza ni usafi, kila embe lililoanguka liokote siku hiyo hiyo ulizike nusu mita chini. Zamani tulifungia kwenye mifuko myeusi juani, ila ile mifuko imepigwa marufuku toka Juni 2019, mie natumia ndoo ya rangi yenye mfuniko, naianika juani wiki nzima. Harufu yake msiniulize.

Ule mlimau nilitaka kuukata, mama watoto kagoma. Ikifika Juni watu wanapiga hodi na vikombe, "shemeji tusaidie limau, mtoto ana mafua," na wakati huo michungwa yangu miwili iliyobaki ina machungwa kumi na moja, nimeyahesabu.