Ukimfuata Hahnemann, mfuate mpaka mwisho

Naandika hii kwa ndugu zangu mlioko huku Ujerumani na mna kile kiboksi cha vichupa vya homeopatia jikoni. Na mimi nilikuwa nacho miaka sita, na nilikuwa nakipenda kweli. Nilipojifungua hapa Leipzig kuna kina mama walinipokea kama ndugu yao, tukawa tunakutana kila Alhamisi, kahawa hatunywi maana inaua nguvu ya dawa, na kila tarehe 10 Aprili, siku aliyozaliwa Samuel Hahnemann mwaka 1755, yule daktari Mjerumani aliyeanzisha homeopatia, tunaoka keki. Ukiuliza swali gumu unaambiwa Hahnemann kasema, aya namba fulani. Basi, mjadala umekwisha.

Sasa mwaka niliompeleka mwanangu Tanga kwa bibi yake nikapewa kichupa kimeandikwa China, yaani gome la mkwinini, nikaambiwa mpe kila siku, malaria hatoipata. Nikaamini, maana hadithi yake naijua: mwaka 1790 Hahnemann alikuwa anatafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen, hakukubaliana na maelezo yake kuhusu lile gome, akaamua kulinywa mwenyewe akiwa mzima, akasikia baridi mikononi na moyo unamwenda mbio kama mtu mwenye homa. Hapo ndo likaja wazo kwamba kinachomuumiza mzima kinamponya mgonjwa. Lakini yeye alikunywa gome lenyewe jamani! Kichupa changu kilikuwa 30C, yaani unachukua sehemu moja unachanganya na 99 za maji au spiriti, unarudia hivyo mara 30, na ukivuka kama mara ya 12 tu ni bahati ukikuta hata chembe moja ya gome imebaki.

Siku ya tisa usiku mtoto akachemka, meno yanagongana. Nikahesabu vidonge vitano kiganjani, jasho likaviyeyusha vikaanza kuninata, mama akanishika mkono akasema, "Mwanangu, huyu mtoto anawaka moto, hizo pipi za nini?" Tukaenda kupima, mistari miwili, malaria. Akameza dawa mseto siku tatu, akainuka. Shirika la Afya Duniani lilishaonya tangu 2009 watu wasitegemee homeopatia kwa malaria, UKIMWI, kifua kikuu wala kuhara kwa watoto, na mimi sikuwa nimesikia.

Niliporudi nikaambiwa eti nilichagua dawa isiyomfaa mtoto. Iliniuma sana. Ndo nikaamua kusoma mwenyewe Organon, kile kitabu chake kikuu wanachokitajia aya, na hili nawashauri wote, msisomewe, someni. Kitabu kilitoka 1810 na mzee hakuacha kukifuta na kukiandika upya, toleo la sita alilimaliza Paris mwaka 1842 akiwa amevuka miaka 80, mwaka uliofuata akafa, likaja kuchapishwa 1921. Hata kahawa, mwaka 1803 aliilaumu kwa magonjwa kibao ya kudumu, baadaye akakiri alizidisha. Kwa hiyo ukiambiwa Hahnemann kasema, uliza toleo la ngapi.

Mimi bado namheshimu. Enzi hizo madaktari walikuwa wanawatoa wagonjwa damu hadi wanaisha, na Kaisari Leopold wa Pili wa Dola Takatifu la Kirumi alipokufa 1792 baada ya kutolewa damu mara kadhaa, Hahnemann aliwauliza madaktari wake hadharani kwa nini. Mgonjwa wa akili alimtibu bila minyororo wala kipigo. Ila na ukali alikuwa nao, mwaka 1832 aliwashambulia gazetini wafuasi wake wa hapahapa Leipzig waliokuwa wanachanganya tiba, akawaita nusu-homeopata, na mimi naona ukali huo ndo umerithiwa kuliko ule ujasiri wa kuuliza.

Kwa hiyo kama mtaalamu wako anakusikiliza saa nzima na unatoka umepata nafuu ya moyo, nenda, sikukatazi. Akikwambia uache dawa ya presha, sukari au ARV, ondoka hapohapo. Na mtoto akipata homa baada ya safari ya nyumbani ni kipimo kwanza, siku hiyohiyo, na mwambie daktari wa huku mmetoka wapi maana asipojua anaweza kudhani ni mafua tu.

Tiketi za Desemba nimeshakata. Vidonge vya kinga daktari ameshaandika, na bibi yake ameshanunua chandarua kipya.