Zana za Python ni utitiri: mimi ningeanza hivi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: umeanza Python, na kila somo unalofungua linataja zana yake ya kusakinisha vifurushi, yaani msimbo ulioandikwa na wengine unaouongeza kwenye mradi wako. Huyu anasema pip, yule conda, mwingine Poetry, na siku hizi kila kona ni uv. Unataka kujua ushike ipi, na kwa nini lugha maarufu namna hii haijawahi kuchagua moja ikamaliza ubishi. Nimefanya kazi na Python miaka mingi, sehemu kubwa nikirithi msimbo wa kuchakata data ulioachwa na watu waliokwisha kuhama, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Jibu fupi kwanza, maana wengine hawatafika chini. Anza na pip, inayosakinisha vifurushi, pamoja na venv, inayoupa kila mradi mazingira yake yaliyotengwa. Zote zinakuja na Python yenyewe: venv tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, pip tangu 3.4 la mwaka 2014. Kila mradi upe folda yake, andika `python -m venv .venv`, washa mazingira hayo, kisha sakinisha kwa `python -m pip install`. Hiyo `python -m` usiiache. Kompyuta moja huwa na Python mbili tatu, na ukiandika pip peke yake hujui ni pip ya Python ipi inayoitika. Malalamiko mengi ya "nimesakinisha lakini inasema moduli haipo" yanaanzia hapo.

Ukiwa kwenye Linux utakutana na kizingiti kingine. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, ukijaribu pip nje ya mazingira yaliyotengwa unakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Watu wanautukana sana, na masomo ya ovyo yanakwambia uongeze `--break-system-packages` ili upite. Mfumo wako una programu zake zinazoendeshwa na Python hiyohiyo. Ukibadilisha toleo la maktaba moja unaweza kuangusha kitu ambacho hata hukujua kimeandikwa kwa Python. Katazo hilo limetoka kwenye PEP 668 (PEP ni pendekezo rasmi la kuboresha Python), na kwa maoni yangu lilichelewa kuja.

Sasa, utitiri umetoka wapi? Python ilitolewa hadharani mwaka 1991, lakini PyPI, ghala la vifurushi tunalolitegemea leo, lilikuja 2003. Miaka yote ya katikati ulikuwa unatafuta msimbo kwenye tovuti ya mtu na kuupakua mwenyewe. Mwaka 2004 ikaja setuptools na `easy_install` yake, ambayo ilijua kusakinisha ila haikujua kuondoa. Ian Bicking akaleta virtualenv mwaka 2007 na pip mwaka 2008, na watu wanaojenga tovuti wakapumua.

Watu wa sayansi hawakupumua. NumPy na SciPy, maktaba zao za hesabu, zina msimbo wa C na Fortran ndani yake, na pip ya wakati ule ilikuletea msimbo mbichi uujenge mwenyewe. Kama huna kompaila, yaani programu ya kuujenga msimbo huo, au unayo lakini si ile inayotakiwa, siku imekwisha. Ndipo conda ikatokea mwaka 2012: inabeba vifurushi vya Python pamoja na maktaba za C zinazotegemewa na vifurushi hivyo. Baadaye muundo wa wheel ulipoenea, pip nayo ikaanza kuteremsha faili zilizokwisha kujengwa, na sababu kubwa ya kuhitaji conda ikapungua. Haijaisha kabisa; ukifanya kazi na GDAL, maktaba ya kusoma data za ramani, utaelewa ninachosema. Kwa hiyo mtu akikwambia conda imepitwa na wakati, muulize kwanza yeye anaandika nini.

Tena hakukuwa na wa kuamuru. Zana nyingi kati ya hizi zilianzishwa na watu wa kujitolea, kila mmoja akitibu maumivu yake. Hata Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha aliyekuwa na neno la mwisho, alijiondoa kwenye nafasi hiyo Julai 2018 baada ya ubishi mkali juu ya PEP 572, ile iliyoleta alama ya `:=`. Tangu hapo kuna baraza la watu watano wanaochaguliwa na wasanidi wakuu wa lugha. Jumuiya yenye uongozi wa namna hiyo haiwezi kupiga marufuku zana ya mtu. Ilichoweza ni kukubaliana juu ya mafaili: PEP 518 ya mwaka 2016 ikaleta `pyproject.toml`, faili la maelezo ya mradi, PEP 621 ikaeleza namna ya kuandika humo jina la mradi, toleo na vitegemezi, na mwaka 2025 PEP 751 ikakubaliwa na kutupa `pylock.toml` ya kufungia matoleo kamili.

Ndiyo maana nasema jifunze mafaili kabla ya zana. Niliwahi kuhamisha mradi kutoka Poetry kwenda uv, na sehemu iliyonisumbua ilikuwa ile iliyoandikwa chini ya `[tool.poetry]`, yaani lugha ya zana yenyewe. Kilichoandikwa chini ya `[project]` kilihama bila kuguswa. Poetry yenyewe imeanza kukubali `[project]` tangu toleo la 2.0.

Na ndiyo, uv naitumia kila siku. Ilitolewa Februari 2024 na kampuni ya Astral, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na kasi yake si ya kusimuliwa. Wapo wanaoogopa kuitegemea kwa sababu iko mikononi mwa kampuni. Hofu hiyo ina msingi, ila leseni yake ni huria, na mradi wako ukiwa umeandikwa kwa viwango nilivyotaja, siku ukitaka kuondoka unaondoka.

Jambo ambalo masomo hayakwambii: jina unaloandika kwenye `import` mara nyingi silo jina la kifurushi. `import cv2` ni opencv-python, `import yaml` ni PyYAML, `import PIL` ni Pillow, `import bs4` ni beautifulsoup4. Usibahatishe jina ukasakinisha. PyPI haikagui kila kinachopakiwa, na wapo wanaopakia vifurushi vyenye sumu kwa majina yanayokaribiana na yale maarufu wakisubiri kidole chako kiteleze. Fungua ukurasa wa maktaba yenyewe, nakili jina kutoka hapo.

Kuhusu watu: jumuiya ya Python ni ya upole kuliko sifa za mitandaoni, lakini wengi wanaotunza maktaba wanafanya hivyo usiku baada ya kazi zao. Ukikwama, weka ujumbe wote wa hitilafu kama maandishi, si picha, na anza kuusoma kwenye mstari wa mwisho, maana ndio unaotaja kosa. Niliwahi kuripoti hitilafu kwenye maktaba moja ya tarehe ikakaa kimya. Nilipotuma jaribio dogo linaloonyesha inavyoanguka, mtunzaji akairekebisha haraka. Mpunguzie kazi ya kukisia.

La mwisho ni kwa yeyote aliyeachiwa mradi wa zamani usio na orodha ya matoleo ya vifurushi vyake, na haujui uwake vipi. Hali hiyo naijua vizuri. Angalia tarehe ya badiliko la mwisho kwenye Git, zana inayotunza historia ya msimbo, tuseme Juni 2021. Kisha chagua Python ya kipindi hicho: `uv python install 3.8`, na `uv venv --python 3.8`. Halafu sakinisha kwa `uv pip install --exclude-newer 2021-06-30` ukifuatisha majina ya vifurushi. Itachukua matoleo yaliyokuwepo hadi tarehe hiyo tu. Mradi ukiwaka, andika matoleo hayo kwa `uv pip freeze > requirements.txt` kabla hujagusa mstari wowote wa msimbo, ndipo uanze kupandisha kifurushi kimoja kimoja.