Mathenge haufi kwa kukatwa juu

Umeuliza mbona mathenge, ule mti wa miiba unaovamia malisho, ukiufyeka, mvua zikinyesha unarudi kichaka maradufu. Ni kwa sababu machipukizi hutoka kwenye kisiki, pale shina linapokutana na ardhi. Ukikata kwa panga usawa wa goti, umeupogoa tu. Fukua udongo kuzunguka shina, kata mzizi mkuu chini ya ardhi, kama sentimita 20 au 30 hivi, kisha ng'oa kisiki chote. Kazi ngumu, hilo sikufichi. Miche michanga ing'oe kwa jembe mapema, kabla haijaota miiba ya kukutoboa kandambili.

Tatizo la pili ni mbuzi. Maganda ya mbegu za mathenge ni matamu, wanayala, mbegu zinapita tumboni zikiwa nzima na kutua penye samadi yake tayari. Ndivyo ulivyosambaa Baringo, Kenya, baada ya kuletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni. Sukari hiyo hiyo iliwaozesha mbuzi meno, hadi wakazi wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi! Kwa hiyo okota maganda, yakaushe, uyasage mpaka mbegu zivunjike, ndipo uchanganye kidogo na chakula kingine cha mifugo.

Mkaa wake ni mzuri, choma. Lakini mkaa peke yake hauumalizi, maana wachomaji wengi hukata matawi manono na kuacha kisiki. Na ukishasafisha, panda nyasi hapo haraka. Ardhi tupu mathenge huirudia.