Minyoo kwenye tangi la samaki: mjue kwanza, dawa baadaye

Minyoo weupe, wembamba kama uzi, wanaojipindapinda majini, si ugonjwa. Ni walaji wa mabaki na hukaa changarawani siku zote. Ukiwakuta asubuhi wamepanda kiooni, hasa umeme ukiwa umekatika usiku, jua oksijeni imepungua chini. Maji ya nyuzi 29, hali ya kawaida kwetu Unguja na Pemba, hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na filta ikisimama ndiyo basi.

Dawa yao ni mpira wa kunyonyea maji na ndoo. Kwa tangi lenye maji lita 60, zima filta, zamisha mpira mpaka uguse kioo cha chini, uchafu wa kahawia ukishapanda sogea vidole vinne. Ukitoa lita 15, acha. Usivute kwa mdomo. Jaza mpira maji, ziba ncha kwa kidole gumba. Rudia kila siku ya tatu kwa wiki mbili. Maji ya bomba yenye klorini yakae ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatia. Chakula cha samaki mara moja kwa siku, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili.

Kosa la wengi wanaoanza kufuga ni kumwaga kila kitu na kusugua filta kwa maji ya bomba. Bakteria wanaosafisha maji hufa, amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki, hupanda, samaki wanakufa na minyoo wanarudi. Sponji ya filta isuuze kwenye yale maji uliyoyatoa tangini.

Mnyoo mwenye kichwa cha pembetatu na macho mawili, anayeteleza kiooni bila kujipinda, ni planaria. Usimkate: kila kipande huota kuwa mnyoo mzima. Chukua kichupa cha dawa, toboa kifuniko tundu la milimita 2 au 3, tia kinyama cha kuku ukubwa wa punje ya mbaazi, kizamishe taa zikizimwa, kitoe alfajiri na planaria walioingia.

Wa kuogopwa ni Camallanus: nyuzi nyekundu zinazochomoza kwenye tundu la haja la gapi (samaki mdogo wa mapambo) akitulia, na kurudi ndani akishtuka. Huyu anataka levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo, miligramu 2 kwa lita, yaani 120 kwa lita 60. Pima maji yenyewe, usihesabu changarawe. Funika tangi gizani saa 24. Dawa humpooza tu mnyoo, kwa hiyo kesho yake fyonza chini kabla hajaliwa tena na samaki. Rudia baada ya wiki tatu. Kwenye duka la dawa za mifugo soma kibandiko: chupa nyingi za mbuzi zimechanganywa na dawa nyingine, oksiklozanidi. Hizo ziache.

Majani ya mtoni huleta mayai ya minyoo na konokono pia. Konokono wa jamii ya Bulinus ndio wabebaji wa kichocho hapa visiwani, na kichocho hupenya ngozi ya mkono unaozamisha tangini.